Maelezo kwa Watumishi na Wananchi Kuhusu Programu za Kuficha Utambulisho Mtandaoni na Kuta za Ulinzi za Maofisini

Madhumuni ya maelezo haya ni kuwafahamisha watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla juu ya programu zinazomwezesha mtu kutumia intaneti bila ya kujulikana yeye ni nani wala anatembelea wapi. Aidha, yanagusa suala linaloambatana nazo, nalo ni kama ni halali, na kama ni uungwana, kwa mtumishi kuzitumia programu hizo ili kuukwepa ukuta wa ulinzi uliowekwa na ofisi yake. Suala hili huulizwa kwa minong'ono zaidi kuliko kwa barua, kwa kuwa anayeuliza huchelea kudhaniwa kuwa tayari ni mkosaji. Ni vyema basi likaelezwa hadharani.

Mifano kadhaa imechukuliwa kutoka Ilala, eneo la katikati ya Dar es Salaam, kwa sababu mbili. Kwanza, msafiri wa visiwani anaposhuka botini mjini Dar es Salaam huwa ameshuka ndani ya Ilala, na wengi wa wasafiri hao huelekea Kariakoo, ambako hununua simu na kompyuta na kuwekewa programu na mafundi wa huko. Pili, ni katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, iliyomo humo humo Ilala, ambako ilisikilizwa kesi inayojulikana zaidi nchini kuhusu watu wasiotaja majina yao mtandaoni. Kadhalika ikumbukwe kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Tanzania Bara na Zanzibar pia, isipokuwa kifungu kimoja tu.

UKUTA WA ULINZI NI NINI

Ukuta wa ulinzi, ambao mafundi huuita faiawoli, ni kifaa au programu inayosimama baina ya mtandao wa ndani wa ofisi na intaneti ya nje. Kazi yake inafanana na ya mlinzi wa lango. Kila taarifa inayoingia au kutoka huangaliwa imetoka wapi, inakwenda wapi na inapitia mlango gani. Ikikubaliana na kanuni zilizowekwa hupita, isipokubaliana huzuiwa. Mara nyingi mlinzi huyo huweka pia kumbukumbu ya yaliyopita, na kompyuta iliyohusika.

Ukuta huo huwekwa kwa sababu zaidi ya moja. Humzuia mtu wa nje asiingie katika mafaili ya ofisi. Huizuia kompyuta iliyokwisha kuambukizwa virusi isipeleke nyaraka nje bila ya mwenyewe kujua. Hupunguza pia matumizi ya njia ya mawasiliano, ili picha za sinema za mtu mmoja zisichelewesha malipo ya wananchi mia walio kwenye foleni. Mtumishi wa kawaida haoni kazi hizo mbili za mwanzo. Huiona ya tatu tu, pale anapotaka kufungua ukurasa na kuambiwa kwamba umezuiwa. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba ukuta umejengwa ili kuwabana wao, na kwamba kuuzunguka ni ujanja mdogo usiomdhuru mtu.

PROGRAMU ZA KUFICHA UTAMBULISHO ZINAVYOFANYA KAZI

Programu zinazotumika zaidi ni za aina mbili. Ya kwanza ni mtandao binafsi pepe, unaofahamika na wengi kwa kifupi cha VPN. Ili kuifahamu, tuchukue mfano wa barua. Mtu asiyetaka tarishi wa ofisi ajue anamwandikia nani huitia barua yake ndani ya bahasha ya pili, akaifunga na kuiandikia anwani ya wakala aliyeko mji mwingine. Tarishi huona anwani ya wakala tu. Wakala huifungua bahasha ya nje, huituma barua ya ndani kwa mwenyewe, na jibu hurudi kwa njia ile ile. Aliyeandikiwa huona kwamba barua imetoka kwa wakala. Hivyo ndivyo VPN inavyofanya: mawasiliano hufungwa kwa maandishi ya siri mpaka kwenye kompyuta ya kampuni ya VPN, na kutoka hapo huendelea kwa jina la kampuni hiyo.

Ya pili ni Tor. Msingi wake ulibuniwa katika miaka ya 1990 na watafiti wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, na sasa inasimamiwa na taasisi isiyo ya kibiashara iliyoundwa mwaka 2006. Katika Tor bahasha huwa tatu, moja ndani ya nyengine, na mawakala huwa watatu wasiofahamiana. Wa kwanza anamjua mtumaji lakini hajui barua inakwenda wapi. Wa mwisho anajua inakokwenda lakini hajui imetoka kwa nani. Wa kati hajui lolote katika hayo mawili. Kwa utaratibu huo hakuna wakala mmoja anayeweza kuisimulia safari nzima.

Ni lazima ieleweke kwamba zana hizi kwa asili yake si za uhalifu. Benki, mashirika na hata ofisi za Serikali hutumia VPN ili mtumishi aliye safarini aingie katika mtandao wa ofisi yake kwa usalama. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayelipia mzigo wake wa ng'ambo kwa kutumia intaneti ya hoteli au ya mkahawa ana haki ya kuogopa kwamba jirani wa meza ya pili anaweza kumchungulia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano yenyewe, katika Ibara ya 16 na ya 18, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake.

YASIYOFICHWA NA PROGRAMU HIZO

Hata hivyo, wapo wanaoamini kwamba mara tu wanapoiwasha programu ya aina hii huwa wametoweka kabisa. Imani hiyo si sahihi, na yafuatayo ni matukio manne yanayothibitisha.

La kwanza linawahusu watumishi wa serikali khasa. Mwaka 2007 mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Sweden, Dan Egerstad, alijitolea kuendesha kompyuta chache za Tor za mwisho wa safari, yaani zile zinazofungua bahasha ya mwisho. Kwa kusoma tu yaliyopita mbele yake alikusanya maneno ya siri ya barua pepe za balozi na ofisi za serikali za nchi mbalimbali, na mwezi wa Agosti mwaka huo akatangaza orodha ya akaunti 100. Watumiaji wa akaunti hizo hawakuvunjiwa mlango. Barua zenyewe hazikuwa zimefungwa kwa maandishi ya siri, na Tor haikuahidi kuzifunga baada ya kutoka kwa wakala wa mwisho. Iliahidi kumficha mtumaji tu. Kumficha mwandishi na kukificha kilichoandikwa ni mambo mawili mbali mbali.

La pili ni la mwezi wa Disemba 2013. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alituma kwa kupitia Tor kitisho cha uongo cha bomu ili mtihani uahirishwe. Wapelelezi hawakuhitaji kuivunja Tor. Waliangalia katika kumbukumbu za mtandao wa chuo ni nani waliokuwa wakitumia Tor saa zile, wakamfikia, naye akakiri. Mtumishi aliye ndani ya mtandao wa ofisi afahamu basi kwamba ingawa mlinzi wa lango hawezi kusoma kilichomo ndani ya bahasha, huweza kuona kwamba bahasha ya namna hiyo imepita na kompyuta iliyoituma.

La tatu na la nne yanahusu programu za bure. Mwaka 2013 kampuni ya Facebook iliinunua Onavo, ambayo programu yake ya VPN ilitangazwa kuwa ni ya kumlinda mtumiaji. Kumbe ilikuwa ikikusanya habari za jinsi watu wanavyotumia simu zao kwa manufaa ya kampuni. Iliondolewa katika duka la programu la Apple mwaka 2018, na mwezi wa Julai 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni mbili tanzu za Meta, jina jipya la Facebook, kulipa dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji. Mwaka 2015 nako ilidhihirika kwamba programu ya Hola ilikuwa ikizifanya simu na kompyuta za watumiaji wake wa bure kuwa njia ya kupitishia mawasiliano ya watu wengine, na njia hiyo ikiuzwa kwa malipo. Mtumishi aliyeiweka programu kama hiyo katika kompyuta ya ofisi huwa amemfungulia mgeni mlango wa nyuma, na mgeni huyo akifanya uovu, anwani itakayoonekana ni ya ofisi.

HALI ILIYOKUWEPO NCHINI

Matumizi ya VPN nchini yaliongezeka kwa sababu inayojulikana. Kuanzia tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, mitandao kadhaa ya kijamii ilizuiwa, na watu wengi wasiokuwa na habari ya VPN kabla ya hapo waliitafuta siku hizo ili kuendelea na biashara na kuzungumza na jamaa zao. Mwezi wa Mei 2025 upatikanaji wa mtandao wa X nao ulizuiwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilikatwa nchini kote kwa siku kadhaa. Hapo ndipo wengi walipotambua mpaka wa programu hizi: VPN huweza kuzunguka kizuizi kilicho njiani, lakini njia yenyewe ikikatwa, haina pa kupita.

Kwa upande wa sheria, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kutumia au kutoa teknolojia ya kumwezesha mtu kuyafikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwezi wa Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni ambazo shughuli zao zinahitaji VPN kutoa taarifa zake kwa Mamlaka ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Fundi anayemwekea mteja programu hii na kumwambia kwamba haihusiki na sheria yoyote hampi maelezo ya kweli.

KESI YA KISUTU

Tarehe 13 Disemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa Jamii Forums. Walitaka wapewe taarifa za kuwatambulisha watu walioandika humo bila ya majina yao halisi tuhuma dhidi ya kampuni za biashara, naye alikataa. Alifikishwa mahakamani Kisutu siku tatu baadaye. Shauri liliendelea kwa zaidi ya miaka mitatu, na tarehe 8 Aprili 2020 alitiwa hatiani katika moja ya kesi zake kwa kuzuia upelelezi, chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, akaamriwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kutumikia kifungo cha mwaka mmoja.

Kesi hii inatajwa hapa kwa sababu mara kwa mara huchanganywa na suala la ukuta wa ofisi, ilhali ni mambo tofauti. Wale walioandika walikuwa wakijificha ili waseme jambo walilodhani lina manufaa kwa umma, na mashaka yote yalimwangukia yule aliyeahidi kuwatunzia majina. Watu wenye busara wametofautiana, na wataendelea kutofautiana, kuhusu mpaka baina ya haki ya mtu kutotajwa na haja ya dola kupeleleza. Lakini mtumishi anayetoboa ukuta wa ofisi ili atazame mpira hawezi kujifunika kwa hoja hiyo. Yeye hasemi kweli yoyote iliyo hatarini. Anachokificha ni matumizi yake tu, na anayemwachia hatari ni mtu mwengine.

NI NANI ANAYEDHURIKA

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa katika maelezo haya. Ukuta wa ofisi ya Serikali haumlindi mkuu wa ofisi pekee. Nyuma yake kuna faili la mgonjwa wa hospitali, hati ya kiwanja cha mjane, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hesabu za kodi za muuza vitambaa wa Mtaa wa Msimbazi. Watu hao hawakuulizwa kama wanakubali mlango wa nyuma ufunguliwe. Walitoa habari zao kwa kuwa sheria iliwalazimu kuzitoa, na kwa kuwa waliamini zitatunzwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeufanya utunzaji huo kuwa wajibu wa kisheria na si hisani.

Hivyo basi, kabla ya kuuzunguka ukuta wowote mtumishi na ajiulize maswali matatu. Ukuta huu ni wa nani, na unamlinda nani? Nikiutoboa, hatari itanifika mimi mwenyewe au itamfika mtu asiyekuwepo hapa? Na je, niko tayari kuyasema ninayoyafanya mbele ya mwenye ukuta na mbele ya mwananchi ambaye faili lake liko ndani? Anayeshindwa kulijibu swali la tatu amekwisha kulijibu la kwanza na la pili.

Kwa kipimo hiki, mtu anayetumia VPN katika simu yake, kwa fedha zake, ili kulinda akaunti yake ya benki, na kwa kufuata taratibu za nchi, hajamkosea mwajiri wake. Yule anayeipachika katika kompyuta ya idara ili kuukwepa ukuta amemkosea mwajiri, na zaidi amemkosea mwananchi. Tena ajue kwamba kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya ruhusa ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambacho faini yake haipungui shilingi milioni 3 na kifungo chake hakipungui mwaka mmoja. Kwa hiyo asiyechukua tahadhari huweza kuanza na utovu wa nidhamu wa kiofisi na kumalizia mahakamani.

NJIA ZILIZO WAZI

Haina maana kwamba kila ukuta umejengwa kwa haki. Hutokea mtumishi akazuiwa kuufikia ukurasa anaouhitaji kwa kazi yenyewe: daktari akanyimwa makala ya tiba, au mwalimu wa skuli akanyimwa picha za somo. Katika hali hiyo njia iliyo sawa ni kumwandikia msimamizi wa mtandao kwa kupitia mkuu wa kitengo, kuutaja ukurasa unaotakiwa na kazi inayouhitaji, na kuomba ufunguliwe. Barua hiyo ina faida kuliko ujanja wa mtu mmoja, kwa kuwa mlango ukifunguliwa kwa barua hufunguka kwa wote wenye haja kama yake.

Aidha, mtumishi aliyegundua wizi au rushwa katika ofisi yake na anayeogopa kutajwa asitumie kompyuta ya ofisi hiyo kusema, hata akiwa na programu ya kuficha utambulisho, kwa sababu ya kumbukumbu zile zilizoelezwa. Kwa Tanzania Bara ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayomlinda mtoa taarifa kwa nia njema, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113 bila ya malipo. Kwa Zanzibar ipo ZAECA, Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi.

Wajibu si wa watumishi wa chini peke yao. Mkuu wa ofisi anayeweka ukuta anapaswa kuwaeleza watumishi wake kwa maandishi ni nini kimezuiwa, kwa sababu gani, ni kumbukumbu zipi zinazowekwa, nani anayezisoma na zinahifadhiwa kwa muda gani. Kumbukumbu za ulinzi si ruhusa ya kufuatilia mambo ya nyumbani ya mtumishi. Na barua ya kuomba ukurasa ufunguliwe isikae mezani miezi. Ofisi isiyojibu barua ndiyo inayowafundisha watumishi wake kutafuta upenyo, na baadaye huwaadhibu kwa somo iliyowafundisha yenyewe.

Wananchi wanaonunua vifaa Kariakoo au mahali pengine wanaombwa kumwuliza fundi mambo manne kabla hajaweka programu yoyote ya kuficha utambulisho: ni ya kampuni gani, inapata wapi fedha zake ikiwa ni ya bure, inaweka kumbukumbu gani, na inaondolewaje. Fundi anayezijua kazi zake atajibu. Asiyeweza kujibu asipewe simu yenye namba za siri za fedha za mtu.

Watumishi ambao tayari wameweka programu za namna hii katika kompyuta za ofisi bila ya idhini wanashauriwa kumwarifu msimamizi wa mtandao wa ofisi zao, ili ziondolewe kwa utaratibu na kompyuta hizo zikaguliwe.